Safu ya Kimo cha Maji

Siku mliyoniaga mlinitaka niseme machache, nami nikasema kuhusu kuosha vifaa vya kioo na hatari ya kuacha asidi karibu na dirisha. Mkacheka, mkapiga makofi, tukala pilau. Nilirudi nyumbani na aibu. Zaidi ya miaka thelathini katika maabara, na nilichowaachia ni asidi na dirisha. Hii ndiyo hotuba niliyopaswa kuitoa. Ni ndefu kidogo, na sitarajii makofi.

Ninyi mnanijua kama mzee wa maabara ya chuo. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1995 na 1998, nilifanya kazi katika kituo ambacho hakipo tena, nje ya mji wa Garissa, tukitafuta kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiona. Hatukukipata. Hilo si kosa langu; wenye vyombo vikubwa kuliko vyetu wanakitafuta mpaka leo. Kosa langu ni kwamba kwa miaka miwili tulidhani tumekipata, na sababu ya kudhani hivyo nilikuwa mimi. Mtu mmoja alipoteza kazi ya maisha yake kwa ajili hiyo. Aliitwa Atieno, na sijawahi kufanya kazi na mtu mwenye akili kumshinda.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka sita ya kupanga chupa katika maabara ya sekondari mjini. Profesa mmoja wa fizikia alitoka Nairobi akaja shuleni kutafuta mtu wa palepale, anayejua Kisomali, anayeweza kusoma kipimajoto, na asiyekimbia jua. Mwalimu mkuu akaninyooshea kidole. Nadhani ni sifa ya tatu iliyonipa kazi.

Kituo kilikuwa katika machimbo yaliyoachwa na watengeneza barabara, mwendo wa saa moja kwa lori, upande wa njia ya kwenda Ijara. Ndani ya shimo hilo walikuwa wamechimba chumba, wakakifunika kwa zege na udongo mwingi. Juu kulikuwa na kontena la chuma lenye meza, kompyuta na feni. Kulikuwa na hema langu, jenereta, na tangi la maji ya kunywa. Zaidi ya hapo ni vichaka vya miiba na swara wadogo waliotutazama kama wenye nyumba wanavyowatazama wapangaji.

Siku yangu ya kwanza nilishinda nikipakua matofali ya risasi, ile madini nzito. Dereva alinisimulia kwamba kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi aliulizwa amebeba nini, akajibu kwa uaminifu, "Risasi," akalazwa kifudifudi kando ya barabara. Kwenye kizuizi cha pili vilevile. Kwenye cha tatu alisema, "Vyuma vya ujenzi," akapita. Mjini nako habari zilikuwa zimefika kabla yetu: kuna watu wamechimba shimo, wanakamata majini na mashetani.

Chombo chenyewe kilikuwa hivi. Katikati ya chumba kulikuwa na fuwele, aina ya chumvi isiyolika, kubwa kama kopo la kilo mbili la samli. Chembe ndogo kuliko atomu ikiigonga, fuwele hutoa mwanga hafifu mno, na jicho la umeme lililobandikwa juu yake huuona mwanga huo na kuuhesabu. Fuwele ilizungukwa na ukuta wa matofali ya risasi. Ukuta huo nao ulizungukwa, pembeni na juu, na matangi meusi ya plastiki yaliyojaa maji. Risasi ilizuia mnururisho unaotoka kwenye udongo. Maji yalikuwa ya kuzuia nyutroni, ambazo hupita kwenye risasi kama mbuzi anavyopita kwenye ua wa miiba uliozeeka. Na nyutroni ikipita, fuwele huwaka sawasawa na vile ingewaka kama imeguswa na kitu tulichokuwa tukikitafuta. Hakuna namna ya kuzitofautisha. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kituo ilikuwa moja: maji ya matangi hayaguswi.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Mutiso, mtu wa Kitui, aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Alikuwa na bisibisi moja yenye mpini wa mbao ambayo hakumwazima mtu yeyote, hata Profesa. Nilimuuliza tunatafuta nini hasa.

"Umewahi kuchunga?" akaniuliza.

"Ngamia wa babu."

"Ukiona kundi linakwenda mbio na halitawanyiki, unajua nini?"

"Kuna mchungaji."

"Na usipomwona?"

"Yupo tu, Mzee. Ngamia hawajichungi."

"Basi nyota nazo ni hivyohivyo. Zinazunguka kwa kasi ambayo zingetawanyika zamani, na hazitawanyiki. Kuna kitu kinazishika. Kina uzito, hakina mwanga. Wanakiita maada ya giza. Profesa anasema ni chembe, na zinatupita sasa hivi, mimi na wewe, kama upepo kwenye wavu."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi naamini jenereta inataka oili. Nenda."

Profesa alipokuja alinieleza kwa nini alichagua Garissa. Jua linasafiri katikati ya nyota, nasi tunasafiri nalo, kwa hiyo upepo huo wa chembe unatupiga usoni. Katikati ya mwaka Dunia huenda upande mmoja na Jua, na upepo huongezeka. Mwisho wa mwaka Dunia hurudi upande wa pili, na upepo hupungua. Hesabu ya fuwele ingepaswa kupanda kidogo kila Juni na kushuka kila Desemba. Lakini kule Ulaya Juni ni joto na Desemba ni baridi, na vyombo hubadilika kwa joto, hivyo mtu akiona hesabu imepanda hajui kama ameona upepo wa angani au kiangazi tu. Profesa akasema: twende mahali ambapo Juni si kiangazi. Kwetu joto kali ni Februari na Machi. Juni kuna upepo, na asubuhi mtu hujifunika shuka. Hesabu ikipanda Juni hapa, hakuna wa kusema ni joto.

Ilikuwa hoja nzuri. Hakuna aliyeuliza wenyeji wanagawaje mwaka. Sisi tuna gu', mvua ya masika. Tuna hagaa, miezi ya upepo mkavu. Tuna deyr, mvua ya vuli. Na tuna jilaal, ukame wenyewe. Yote manne yanahesabiwa kwa maji. Walikuwa wamekimbia majira ya joto na baridi, wakaja kupiga kambi katikati ya majira ya maji na kiu. Mwenyeji wa pale nilikuwa mimi peke yangu, na sikusema neno. Sikujua kwamba jambo ambalo hata bibi yangu alilijua linaweza kuwa sayansi.

Mutiso alinifundisha daftari. Kila siku, saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, niliandika katika safu zilizopigwa kwa rula: saa, joto, umeme, hesabu ya fuwele, na mwisho kimo cha maji, ambacho nilikisoma kwenye mrija wa kioo uliokuwa ubavuni mwa matangi. Wino, si penseli. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke. Wiki ya kwanza aliniacha peke yangu saa nzima, akarudi akasoma nilichoandika.

"Hukuandika kwamba mlango ulifunguliwa mara mbili."

"Nilikufungulia wewe."

"Basi andika, 'Nilimfungulia Mutiso.' Kijana, daftari safi sana ni la mvivu au la mwongo. Changanya vumbi na ukweli humo ndani, watu watajua la kufanya."

Desemba ya 1995 alirudi kwao Kitui kulima pojo. Aliniachia funguo, na akaondoka na bisibisi yake.

Atieno alikuja Januari. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, binti wa mwalimu wa chekechea kutoka Siaya. Alishuka kwenye lori na sanduku moja la nguo na matatu ya vitabu, akatazama pande zote, akasema, "Bwana Bare, na mji uko wapi?"

"Umeupita saa moja iliyopita."

"Ule?"

"Ule."

Alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku. Tangu siku hiyo tulielewana. Alikuwa akikaa kituoni wiki mbili, kisha anarudi Nairobi wiki kadhaa kuchambua diskete nilizomtumia kwa basi. Alinifundisha kuchora grafu. Nilimfundisha kunywa chai ya maziwa ya ngamia, ambayo mwanzoni aliishika kama kemikali. Nilipenda kumwita Daktari ili nimchokoze.

"Bado," alisema siku moja. "Usiniite hivyo, utaniletea mkosi. Nina miaka mitatu ya ufadhili, yaani Juni tatu. Juni moja ni bahati. Juni mbili ni habari. Juni tatu ndiyo tasnifu. Hakuna mtu atakayenipa ya nne."

Mwaka huo gu' haikuja. Mawingu yalikusanyika Aprili, yakatutazama, yakaenda zao. Bwawa la mifugo lililokuwa upande wa mashariki wa kituo likakauka, likawa matope, kisha likawa vigae. Mwisho wa Mei, wakati Atieno yuko Nairobi, ambako safari hii angekaa mpaka Septemba, mama mmoja mzee alikuja kituoni asubuhi na punda wawili na mitungi mitupu. Jina lake Dahabo. Aliniita "hooyo", yaani mama, kama wazee wa kike wa kwetu wanavyomwita kijana wao, nami nikamwita "eeddo", shangazi. Tulizungumza Kisomali.

"Hooyo, nimesikia una maji mengi ndani ya shimo."

"Ni maji ya kazi, eeddo."

"Kazi gani inayokunywa maji kuliko ngamia?"

"Yanazuia vitu visivyoonekana visiingie."

"Vimeingia?"

"Hatujui."

"Sasa mnavitafuta au mnavizuia?"

"Kimoja tunakitafuta. Vingine tunavizuia."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyechelewa kusema. "Na mkikipata hicho kimoja, mtakilisha nini?" Kisha hakutania tena. "Nyuma ya vichaka vile tuko kumi na mmoja. Wawili hawawezi kusimama."

Nilimpa maji ya tangi la kunywa. Keshoye alirudi, na watu wengine nyuma yake. Siku ya tatu tangi la kunywa lilibaki tope, na bauza, lile lori la maji, lilikuwa bado siku kumi. Nikashuka shimoni nikafungua bomba la matangi ya juu, yale yaliyokaa moja kwa moja juu ya fuwele.

Kwetu mwenye kiu hanyimwi maji, hata awe adui. Na sadaka ya maji haihesabiwi. Marehemu baba alikuwa akiweka mtungi njiani wakati wa jilaal, na tukimuuliza ametoa kiasi gani alitufukuza. Kuhesabu ulichotoa, alisema, ni kukila tena. Kwa hiyo sikuhesabu mitungi. Watu walikunywa, wale wawili walisimama, na hilo silijutii hata kidogo. Kama mngekuwa mahali pangu na mkakataa, nisingetaka niwe nimewafundisha kazi.

Ila saa kumi ilifika, nikaketi mezani, na safu ya mwisho ya daftari ilikuwa inasubiri. Mrija ulionyesha maji yamepungua karibu nusu. Niliandika: kamili.

Nilijiambia kwamba nalinda siri ya sadaka. Ilinichukua miaka kukubali kwamba hiyo haikuwa sababu. Niliogopa Profesa atanifukuza kwa kuvunja kanuni ya kwanza, nikaitafuta dini yangu nijifiche nyuma yake. Ningeweza kuandika, "Maji yametolewa kwa wenye kiu," na Mungu asingenipunguzia kitu. Tangu siku ile nilitoa maji mara kwa mara, siku nyingine mitungi michache, siku nyingine mingi, mpaka Julai ilipoisha na familia zile zikahamia mtoni Tana. Bauza lilipokuja nilirudishia matangi. Katika daftari, siku zote hizo, mara mbili kwa siku, kuna neno moja tu.

Septemba Atieno alirudi akikimbia kutoka kwenye lori, na karatasi mkononi.

"Bare! Imepanda! Tazama, Mei, Juni, Julai, halafu inashuka. Tazama ilivyokaa!"

Nilitazama. Ilikuwa kilima kidogo, kizuri, kama mgongo wa ngamia mchanga. Wallahi, mwaka huo sikuunganisha mambo. Nilidhani maji yaliyobaki yalitosha. Nilimpongeza kwa moyo wangu wote, na jioni hiyo tulikula mbuzi.

Mwaka 1997 gu' ilikuja kidogo, ikalowesha vumbi, ikaondoka. Dahabo alirudi Mei tena, mwembamba zaidi, na punda mmoja. Nikafungua bomba. Safari hii nilikuwa nimejifunza kusoma grafu, na Atieno alikuwa amebandika moja ukutani mwa kontena, ambayo alikuwa ameichora kwa penseli mpaka mwisho wa mwaka, kuonyesha hesabu inatarajiwa ipite wapi. Siku mbili baada ya kutoa maji, hesabu ya fuwele ilipanda. Nikatoa tena, ikapanda tena. Ilikuwa ikienda kukaa juu ya ule mstari wa penseli kama ndege anayejua kiota chake. Nilisimama pale na kalamu mkononi, nikaelewa kila kitu. Kisha nikaandika hesabu katika safu yake, nayo ilikuwa kweli tupu, na katika safu ya jirani nikaandika uongo uliokuwa ukiizaa.

Mtaniuliza kwa nini sikumpigia simu. Simu ilikuwa mjini, na lori lilikuwa linakwenda mjini kila wiki. Hakuna sababu. Kuna woga tu, na woga ukishalala kwako usiku mmoja unakuwa mwenyeji. Nilijiambia atakuja mwenyewe, nitamwambia uso kwa uso. Alipokuja alikuwa anajiandaa kwa kongamano. Nikasema akirudi. Aliporudi, Profesa alikuwa naye, na watu wa vyuo vingine walikuwa wameanza kuwaandikia barua.

"Na jina lako litakuwa kwenye makala," Atieno aliniambia. "Nimeandika shukrani kwa Bwana Bare, kwa uangalifu wake katika vipimo."

Nikasema asante. Nikaenda kutazama oili ya jenereta, ambayo nilikuwa nimeitazama dakika kumi zilizopita.

Mvua za El Niño zilianza Oktoba. Waliokuwepo Garissa wanakumbuka: barabara ya Nairobi ilikatika, Tana ikaingia mashambani, na mifugo iliyoponea ukame ikafa kwa maji na magonjwa. Nilichimba mifereji kuzunguka shimo kwa majuma, nikalala na buti. Chombo kilipona. Matangi yalikuwa yamejaa, na yalibaki yamejaa, kwa sababu mwaka 1998 hakuna aliyehitaji kuniomba maji. Kila bonde lilikuwa na bwawa. Ule ndio mwaka pekee ambao neno "kamili" lilikuwa kweli kuanzia Januari hadi Desemba.

Juni ikaja. Hesabu haikupanda.

Atieno alihamia kituoni. Alikaa miezi mitatu mfululizo akitafuta kilichoharibika. Alidhani unyevu umeingia kwenye fuwele, akaipima, ilikuwa nzima. Alidhani ni gesi ya udongo uliolowa, akaipima, haikutosha. Alilaumu nyaya, akazibadilisha. Akarudi kwenye madaftari, akachora kila safu ya miaka mitatu kwenye karatasi moja ndefu aliyoitandaza sakafuni. Joto lilikuwa na mabonde na vilima vyake. Umeme ulikuwa unarukaruka kama kawaida ya jenereta. Mstari wa kimo cha maji ulinyooka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kama barabara ya Modogashe. Aliuruka bila kuutazama mara mbili. Kwani nani hutazama kitu kisichobadilika?

Asubuhi moja ya Septemba aliniita. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka Bare, sikulaumu. Nataka tu kuuliza. Miaka ile miwili, kuna chochote kilichotokea hapa ambacho hakikuandikwa? Hata kidogo. Hata cha kipumbavu."

Feni ilikuwa inazunguka. Nakumbuka nilitazama mikono yangu.

"Hakuna," nikasema.

"Una hakika?"

"Hakuna, Daktari."

Aliitikia kwa kichwa, akaniamini. Hilo ndilo ninaloamka nalo. Nikinyimwa usingizi, sionyeshwi maji wala daftari. Naonyeshwa jinsi alivyoitikia kwa kichwa.

Mengine yalikwenda haraka. Bila Juni ya tatu, Juni mbili za kwanza zikawa mzaha. Profesa aliiondoa makala. Mtu mmoja wa chuo cha ng'ambo aliandika kwa adabu kubwa kwamba matokeo ya kituo cha porini lazima yatazamwe kwa jicho la pekee. Ufadhili ukaisha. Atieno hakuwasilisha tasnifu, maana hakuweza kutetea kilima ambacho hakujua kilitoka wapi wala kilikwenda wapi. Mapema 1999 lori lilikuja kuchukua matofali. Alinipa mkono, akasema tumejaribu. Matangi meusi yaligawiwa watu wa vijiji vya karibu, na kwa mara ya kwanza yakafanya kazi waziwazi.

Nilikaa na jambo hilo mpaka Oktoba ya mwaka huohuo, niliposikia anafundisha fizikia katika sekondari ya wasichana huko magharibi. Nilipanda basi kwenda Nairobi, na jingine tena. Nilimkuta katika chumba cha walimu akisahihisha mitihani. Alifurahi kuniona. Alitaka kuniagizia chai. Nikamwambia asiagize kwanza, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: Dahabo, bomba, neno kamili, mwaka wa pili nilipojua, na siku aliponiuliza.

Hakupaza sauti. Alisogeza mitihani kando, akavuta karatasi safi, akapiga mstari wa rula katikati. Juu ya upande mmoja akaandika "Tarehe", juu ya wa pili akaandika "Lita". Sauti yake ilikuwa imeanza kuharakisha, kama siku ile ya Septemba ya kwanza.

"Diskete zote ninazo. Ziko nyumbani, ndani ya sanduku. Ikiwa ni maji tu, Bare, inahesabika. Nikijua kimo cha kila siku naweza kukokotoa nyutroni zilizoingia na kuzitoa. Kitakachobaki ndicho cha kweli, kiwepo au kisiwepo. Hata kisipokuwepo ni tasnifu! Kusema hakipo pia ni jibu. Haya. Ulianza lini?"

"Mwisho wa Mei."

"Tarehe."

"Sikumbuki."

"Siku ya kwanza ya matangi, mitungi mingapi?"

"Sikuhesabu."

"Takriban."

"Wallahi, Atieno, sikuhesabu. Haihesabiwi."

"Siku ngapi kwa jumla? Kumi? Arobaini? Ulirudishia lini? Kabla ya tarehe ngapi? Bauza halikuwa na risiti?"

"Zililowa na mvua ile."

"Yule mama, basi. Watu wa mifugo hukumbuka. Atakuambia siku punda alipokufa, siku waliyohama, tutapanga kutokea hapo. Yuko wapi?"

"Alihamia kwa mwanawe, kule Banissa. Amefariki mwezi wa tatu."

Kalamu yake ilikuwa bado imegusa karatasi. Ilikuwa imeacha doa la wino mahali ambapo tarehe ya kwanza ingekaa.

"Mwezi wa tatu mwaka huu," alisema polepole. "Nami nilikuuliza mwaka jana."

Kengele ya kipindi ikalia. Wasichana walipita dirishani wakicheka. Atieno aliifunika kalamu, akaikunja ile karatasi mara mbili, akaniwekea mkononi bila kunitazama, akachukua boksi la chaki na kwenda darasani. Sikumwona tena.

Ninayo karatasi hiyo. Miaka yote hii nimejaribu kuijaza. Nimefunga macho nikamwona Dahabo, nikaona kamba ya punda, nikasikia maji yakiingia kwenye mitungi, nikajaribu kuhesabu mlio wake. Mpaka leo, chini ya Tarehe, nimeweza kuandika neno moja, Mei. Chini ya Lita hakuna kitu.